Mtoto akisema anataka mbio: Safari ya Simbu kutoka Ikungi hadi dhahabu ya Tokyo

Singida. Kuelekea saa 10 alfajiri ya Jumatatu, Septemba 15, 2025, kaya nyingi za Wilaya ya Ikungi zilikuwa bado zimelala wakati mwana wa wilaya hiyo akiingia Uwanja wa Taifa wa Japan jijini Tokyo, akiwa na zaidi ya kilomita 41 miguuni. Huko kulikuwa kumekucha zamani, joto limepanda na hewa ni nzito kwa unyevu. Mbele yake alikuwapo Mjerumani, Amanal Petros. Nyuma yao kidogo, Muitaliano Iliass Aouani.

Petros alikuwa anaongoza, na kwa aliyekuwa akitazama kwenye runinga, dhahabu ilikuwa ya Ujerumani. Alphonce Felix Simbu akaongeza kasi, akamfikia, akatanguliza kifua kwenye mstari. Petros akaanguka chini. Simbu alieleza baadaye kwamba hakujua kama ameshinda mpaka alipoona jina lake limekaa juu kwenye skrini kubwa ya uwanja.

Wote wawili wameandikiwa muda mmoja, saa 2:09:48, kwa sababu muda wa marathoni huandikwa kwa sekunde nzima. Picha ya mstarini ndiyo iliyowatenganisha. Sheria ya riadha haiangalii mguu, mkono wala kichwa, inaangalia kiwiliwili kilichotangulia kufika. Kiwiliwili cha Simbu kilitangulia kwa sekunde 0.03, yaani sehemu tatu tu ukiigawa sekunde moja mara mia. Jioni iliyotangulia, katika uwanja huohuo, Oblique Seville wa Jamaica alimshinda Kishane Thompson kwenye fainali ya mita 100 kwa sekunde 0.05. Kwa maneno mengine, mbio za kilomita 42 zilikuwa za kubanana kuliko mbio za mita 100.

Tangu mashindano ya dunia ya riadha yaanze mwaka 1983, hakuna Mtanzania aliyewahi kutwaa dhahabu. Christopher Isengwe alikaribia mwaka 2005 kule Helsinki alipopata fedha ya marathoni. Simbu mwenyewe alipata shaba London mwaka 2017. Dhahabu ilikuja akiwa na miaka 33.

Hiyo namba 33 ndiyo wazazi wengi waliiruka siku ile wakati wanasambaza picha yake kwenye makundi ya WhatsApp. Picha ilionyesha mtu aliyeshinda. Haikuonyesha ilichukua muda gani, nani alikuwa analipa, na wakati gani watu wa kawaida wangekuwa wameshamwambia aache atafute kazi ya maana.

Miaka kumi ya kusubiri

Simbu alizaliwa Februari 14, 1992. Kwenye mashindano ya dunia ya Beijing mwaka 2015 alikuwa kijana wa miaka 23 na akamaliza nafasi ya 12. Mwaka uliofuata akaenda Brazil, kwenye Olimpiki ya Rio de Janeiro. Agosti 21, 2016, siku ambayo Eliud Kipchoge wa Kenya alitwaa dhahabu yake ya kwanza ya Olimpiki, Simbu alimaliza wa tano kwa saa 2:11:15. Nchi ambayo kwa miaka mingi ilikuwa ikirudi kutoka Olimpiki bila cha kusimulia ilianza kulijua jina lake.

Januari 2017 akashinda Mumbai Marathon kule India kwa saa 2:09:32. Aprili akawa wa tano London Marathon. Agosti 6 mwaka huohuo, London tena, safari hii kwenye mashindano ya dunia, akapata shaba kwa saa 2:09:51. Tamirat Tola wa Ethiopia aliyepata fedha alimtangulia kwa sekunde mbili tu. Simbu alikuwa na miaka 25, na kila mtu aliamini dhahabu iko njiani, labda mwaka ujao, labda mwaka wa kesho kutwa.

Haikuja. Kwenye Olimpiki ya Tokyo, ambayo marathoni yake ilikimbiwa Sapporo Agosti 2021, alikuwa wa saba. Kwa wanaojua riadha, wa saba duniani ni jambo kubwa. Kwa jirani anayesubiri medali, ni "ameshindwa tena". Mwaka 2022 alipata fedha kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola jijini Birmingham, nyuma ya Victor Kiplangat wa Uganda. Kisha ikaja Paris, Agosti 2024. Kwenye marathoni ya Olimpiki, Simbu alimaliza nafasi ya 17.

Hapa ndipo familia ya mwanamichezo hupimwa, na inafaa kupatazama kwa makini. Mtu ana miaka 32. Medali yake kubwa ina miaka saba. Amekuwa wa 17. Hata mtu anayempenda anaweza kusema, kwa nia njema kabisa, "Mwanangu, umefanya ulichoweza, sasa pumzika."

Desemba mwaka huohuo, hata miezi minne haijaisha, Simbu alikimbia Valencia, Hispania, kwa saa 2:04:38. Ulikuwa muda bora katika maisha yake yote. Aprili 21, 2025 alikuwa wa pili Boston Marathon nchini Marekani kwa saa 2:05:04, akimtangulia Mkenya Cyprian Kotut ambaye naye aliandikiwa saa 2:05:04 hiyohiyo. Miezi mitano baadaye akawa bingwa wa dunia. Kati ya nafasi ya 17 na ya kwanza palikuwa na miezi 13.

Miguu ya mkimbiaji wa marathoni huchelewa kuiva. Kipchoge alitwaa dhahabu yake ya pili ya Olimpiki akiwa na miaka 36. Mtoto wa darasa la saba mwenye miaka 13 leo atafikisha umri wa Simbu wa Tokyo baada ya miaka 20. Katikati hapo kuna mitihani, kuna jeshi au chuo, kuna ndoa, kuna misimu ya mvua hafifu. Mzazi anayetarajia mtoto aanze kujenga nyumba ya bati kwa mbio akiwa na miaka 17 atakuwa wa kwanza kumkatisha tamaa.

Hela ya mbio inavyokuja

Bingwa wa dunia Tokyo alipewa dola 70,000 za Marekani, zaidi ya Sh170 milioni kwa viwango vya wakati ule. Wa pili alipewa nusu yake, dola 35,000. Zile sekunde 0.03 zilikuwa na thamani ya dola 35,000. Boston nako hadithi ilikuwa ileile: wa pili hupata dola 75,000 na wa tatu dola 40,000, na kati ya Simbu na Kotut hapakuwa hata na sekunde moja kwenye orodha ya matokeo.

Ukiishia hapo, mbio zinaonekana kama mgodi. Lakini mkimbiaji wa kiwango hicho hukimbia marathoni mbili kwa mwaka, akizidisha sana tatu, kwa sababu mwili hauruhusu zaidi. Akiumia wiki mbili kabla, mwaka umekwenda. Zawadi nazo hazitolewi mstarini kama noti za kumtunza bibi harusi: waandaaji husubiri majibu ya vipimo vya dawa zilizokatazwa, Marekani hukata kodi ya mgeni, wakala aliyemtafutia mbio huchukua asilimia yake, kocha naye yumo, na kambi imekula chakula miezi mitatu kabla ya siku yenyewe. Mkulima wa alizeti wa Singida anaielewa hesabu hii kuliko mtu wa mshahara. Unalima, unapalilia, unasubiri, unavuna mara moja, na bei huijui mpaka ufike sokoni.

Ndiyo maana kitu muhimu kuliko vyote kwenye maisha ya Simbu huenda kisiwe medali. Ni kazi. Simbu ni askari wa Jeshi la Wananchi wa Tanzania. Mwezi ambao hakuna mbio, mshahara upo. Akiumia, pa kutibiwa papo. Akiwa wa 17, kesho yake bado ana cheo, ana wenzake na ana uwanja wa mazoezi. Magdalena Shauri, aliyekuwa wa tatu Berlin Marathon mwaka 2023 kwa saa 2:18:41, naye ametokea jeshini. Na kabla yao alikuwapo Juma Ikangaa, askari wa JWTZ, aliyeshinda New York Marathon mwaka 1989 kwa saa 2:08:01.

Ikangaa anastahili aya yake, hasa kwa vijana wanaodhani sekunde 0.03 ni bahati tu ya siku moja. Mwaka 1988 aliongoza sehemu kubwa ya Boston Marathon, akafika mwishoni na kushindwa na Ibrahim Hussein wa Kenya kwa sekunde moja. Mwaka uliofuata akawa wa pili tena. Na uliofuata, wa pili tena. Boston haikuwahi kumpa ushindi, lakini mbio zilimpa jina, heshima na maisha, kwa sababu hakuwa ameweka yai lake lote kwenye kapu la siku moja.

Kwa hiyo swali la baba anayeuliza "atakula mbio?" si swali la kumvunja moyo mtoto. Ni swali zuri, ila jibu lake ni kwamba mbio pekee hazitoshi kwa walio wengi. Mtoto anayekimbia anahitaji cheti cha kidato cha nne kuliko yule asiyekimbia, kwa kuwa jeshi, polisi, magereza na vyuo, ambako ndiko wanariadha wengi wa Tanzania wanapopata pa kusimama, vyote vinauliza cheti.

Si kila anayetembea mbali ni mkimbiaji

Ipo hadithi inayopendwa sana, kwamba mtoto wa kijijini anazaliwa mkimbiaji kwa sababu anachunga mifugo, anabeba maji na kutembea kilomita nyingi kwenda shule. Ingekuwa hivyo, kila kata ya Singida ingekuwa na bingwa wake wa dunia. Kutembea huimarisha mapafu na miguu, na mkoa uko juu, mita kama 1,500 kutoka usawa wa bahari, jambo ambalo halidhuru. Lakini mtoto aliyefika shuleni amechoka na hajala hajengwi na umbali ule, anachakazwa nao. Simbu alikuwa Simbu baada ya kuwa na kocha, ratiba, wenzake wa kukimbizana nao na kambi huko Arusha.

Mlango wa kwanza kwa mtoto ni shule. Mashindano ya UMITASHUMTA kwa shule za msingi na UMISSETA kwa sekondari huanzia chini, shuleni na kwenye kata, yakapanda hadi wilaya, mkoa na taifa. Mara nyingi mzazi husikia habari zake siku mtoto anapoomba nauli au raba. Kwenda kumtazama hata mara moja kuna faida mbili: mtoto anajua nyumbani wanajali, na mwalimu wa michezo anajua mtoto huyu ana wenyewe. Hiyo ya pili, kwa mtoto wa kike hasa, ni ulinzi.

Jingine ni umbali. Siku hizi kila mji una mbio zake za hisani, na watoto wa miaka 12 au 13 huonekana kwenye kilomita 21 wakishangiliwa. Shirikisho la riadha duniani haliwaruhusu vijana wa chini ya miaka 20 kukimbia marathoni kwenye mashindano yake, na si kwa ubahili. Mifupa inayokua huumia kwa kurudiarudia mzigo uleule. Mtoto wa shule acheze mpira, aruke, akimbie mita 100, 400, 800, akikua aende 1,500 na 3,000. Marathoni ipo, haikimbii.

Maumivu ya misuli baada ya mazoezi huisha kwa siku mbili tatu. Maumivu ya mfupa mahali pamoja, unapopabonyeza kwa kidole anaruka, yanayozidi kila akikimbia, si ya kuchuliwa kwa mafuta wala kukandwa. Huenda mfupa umeanza kupata ufa. Apumzike, apelekwe hospitali.

Na chakula. Ugali wa uwele au mtama, mlenda, maharage, maziwa na mayai vinamtosha kabisa mtoto anayekimbia, hakuna haja ya unga wa makopo wenye picha za wanaume waliotuna misuli. Kasoro ya Singida ni kwamba kuku wa kienyeji na mayai yake hupanda basi kwenda Dar es Salaam wakati watoto wa nyumba hiyohiyo wanakula mboga moja wiki nzima. Binti anayefanya mazoezi mengi na kula kidogo anaweza kupungukiwa damu, na hedhi yake ikasimama. Makocha wengine huichukulia kama kawaida ya wakimbiaji. Si kawaida. Ni mwili unaosema haupati chakula cha kutosha, na mifupa yake inadhoofika kimyakimya. Mama ndiye atakayeligundua hilo kwanza, kama wanazungumza.

Siku mtu anapokuja na mkataba

Mtoto akianza kushinda, watu huja. Wengine ni wema kweli: mwalimu, askari, mwanariadha mstaafu anayetaka kumpeleka kambini. Wengine wanakuja na karatasi.

Kwa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, aliye chini ya miaka 18 ni mtoto. Hakuna sababu ya mtoto kusaini peke yake kitu kitakachomfunga miaka mitano. Mzazi asiyejua Kiingereza cha mkataba ana haki ya kusema "acha karatasi, nitaisoma na mtu ninayemwamini," na mwenye nia safi atasubiri wiki moja. Yapo maswali ya kuuliza hata kama yanaonekana ya kishamba: Analala wapi, na nani? Anasoma shule gani huko? Nani anashika pasi yake ya kusafiria? Asilimia ngapi inakatwa, na inakatwa kabla au baada ya gharama? Akiumia, nani anamtibu na nani anamrudisha nyumbani? Ofisa michezo wa wilaya na chama cha riadha cha mkoa wanapaswa kujua mtoto anaondoka na nani. Wakala anayetaka isijulikane, ameshajibu.

Kuna na dawa. Mwanariadha wa kimataifa hupimwa hata akiwa nyumbani kwao, asubuhi, bila taarifa, na lazima aeleze kila siku atapatikana wapi. Wilson Kipsang wa Kenya, aliyewahi kushika rekodi ya dunia ya marathoni, alifungiwa miaka minne mwaka 2020, na miongoni mwa makosa yake ni kukosekana mahali alipotakiwa kupimwa. Kanuni ni kali: kikikutwa mwilini, ni chako, hata kama ulipewa na mtu unayemwamini na kuambiwa ni vitamini. Kijana anayejizoeza kumeza au kuchomwa kila anachopewa kambini bila kuuliza jina lake anajiweka pabaya mapema, mbali na madhara kwa moyo na ini. Mzazi anaweza kumfundisha swali hilo moja, "hii inaitwaje?", tangu anapougua malaria akiwa darasa la tatu.

Yote haya hayahitaji mzazi aliyewahi kukimbia wala mwenye hela nyingi. Raba ni gharama, kweli, na za mtumba zilizochakaa kisigino huumiza goti kuliko kukimbia pekupeku kwenye nyasi. Familia nyingi za Ikungi zinaweza kununua jozi moja nzuri baada ya mavuno, na moja inatosha mwaka kama haivaliwi shambani. Kinachosumbua zaidi ni muda. Mtoto wa kiume akisema anaenda mazoezini saa 12 asubuhi, hakuna anayeuliza. Dada yake akisema hivyohivyo, kuna maji hayajachotwa, uji haujapikwa na mdogo wao hajaoga. Shauri aliyesimama wa tatu Berlin naye aliwahi kuwa binti wa umri huo. Nyumba ambayo kaka anabeba dumu asubuhi mbili kwa wiki, dada anapata asubuhi mbili za kukimbia.

Mashindano yajayo ya dunia ya riadha yatafanyika Beijing mwaka 2027, jiji lilelile ambalo Simbu alimaliza wa 12. Atakuwa na miaka 35.